Wembe wa Jumapili

Kila Jumapili, kabla kengele ya kanisa haijalia,
namnyoa baba.
Nina miaka kumi na mitano, na ndevu zangu mwenyewe
bado ni vinyweleo vya kuhesabika,
lakini mkono wangu umetulia. Wake,
tangu arudi kutoka Kismayu,
hutikisika kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe.

Anakaa kwenye kigoda uani, mgongo ukutani.
Lazima mgongo uwe ukutani.
Karai, sabuni, taulo iliyoandikwa namba yake ya jeshi.
Kabla sijamgusa namwonyesha wembe.
Namwambia: Baba, huu ni wembe.
Ni mimi, Ogeto. Naanzia kulia.
Hakuna aliyetunga kanuni hii. Tuliikuta tu,
kama tulivyozikuta nyingine
tulipohama nyumba za kambi tukapanga huku Lanet:
cherehani ya mama haikanyagwi baada ya saa mbili usiku,
ndiyo maana sare za watu zinachelewa,
na wenye sare wakija kufoka mama huwaambia ni malaria,
malaria ya huko pwani ya Somalia ni mbaya, jamani,
haiishi mwilini.

Mwezi uliopita Sarange alipuliza mfuko wa karatasi,
akaupiga kofi.
Sauti haijaisha, baba yuko chini ya meza,
amemvuta, amemlalia,
kiganja chake kimefunika kichwa kizima cha mtoto.
Sarange alicheka, akidhani ni mchezo.
Kisha akausikia moyo wa baba ukigonga mgongoni mwake,
akanyamaza.
Siku hizi akila mkate
karatasi anaikunja polepole, anaiweka chini ya sahani.

Darasani mwalimu wa historia aliuliza
ni nani ambaye mzazi wake amewahi kwenda vitani.
Sikuinua mkono.
Vita vya kitabuni vina mwaka wa kuanza,
vina mwaka wa kwisha,
halafu maswali matano ya marudio.

Na nimewahi kumchukia. Nitalisema hapa
kwa kuwa nyumbani halitasemwa.
Usiku ule aliposukuma kabati likaziba mlango,
akatukalisha sakafuni mpaka jua likatoka juu ya Bahati,
nikakosa mtihani wa hesabu,
nilimtazama akilinda dirisha kwa mwiko wa ugali
nikatamani wangetuletea jeneza lenye bendera
badala ya huyu.
Jeneza, watu wangelielewa.

Leo nilikuwa nimefika shingoni, upande wa kushoto,
pale penye kovu, ambapo hupita nimeziba pumzi,
lori likapasua gurudumu kwenye barabara kuu.

Alinishika kifundo cha mkono.
Niliyaona macho yake yakiondoka,
yakiniacha na uso wa mtu mwingine uliojaa povu.
Wembe ulikuwa kati yetu.
Baba, ni gurudumu.
Baba, hapa ni Lanet.
Ni mimi. Ogeto. Nilikuwa naenda kushoto.
Tone la damu likaingia kwenye sabuni
na sikujua ni langu au lake.
Jirani alikuwa akikung'uta mkeka. Kuku walipita.
Akaniachia, kidole kimoja, halafu kingine,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

“Maliza,” akasema. “Umeniacha nusu.”

Nikamaliza. Kanisani niliteremsha mkono wa shati
ufunike alama zake nne,
mama akaziona vilevile, akaimba kwa nguvu zaidi.

Lakini kabla ya hapo, pale uani,
nikiwa namfuta masikio kwa taulo,
alinishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.
“Zikikomaa hizi,” akasema, “nitakunyoa mimi.
Baba ndiye humnyoa mwanawe mara ya kwanza.”
Nikautazama mkono wake uliorudi gotini.
Nikapiga hesabu: mwaka mmoja, pengine miwili.
“Sawa,” nikamjibu.
“Sina haraka.”